Besi Yetu Nusura Izikwe Wingwi

Kazi yangu ilikuwa cherehani. Kutwa nilikaa barazani kwa tajiri wangu pale Wete nikishona kanzu na suruali, na Jumamosi, alasiri ikishasaliwa, nilivua futi shingoni nikaenda klabu kupiga ngoma. Wenyewe tulisema dramu. Ngoma ni mambo ya mashamba, sisi tulikuwa jazi.

Klabu ilikuwa ghala la karafuu lililokwisha kazi. Wanachama walilipaka chokaa wakaliwekea mabenchi ya kuazima skuli, lakini harufu haikutoka. Watu wakishacheza nyimbo mbili tatu, vumbi la karafuu lilipanda kutoka kwenye nyufa za sakafu, ukumbi mzima ukapiga chafya, na mimi nikajitahidi chafya zao zisinipoteze mapigo. Vijana walikuja na suruali nilizowashonea mwenyewe, kwa hivyo nilijua kabla hawajaanza nani ataweza kuchuchumaa na nani hataweza. Wazee wa mtaa walisema jazi ni upuuzi wa shetani. Walisema hivyo wakiwa wamejazana kwenye baraza iliyoelekeana na mlango wetu, eti wanapunga upepo. Jumamosi moja mvua ilituzuia kupiga, na asubuhi yake mzee mmoja katika hao alikuja dukani kuniuliza kama nimeugua.

Tulikuwa sita. Kiongozi wetu alikuwa mpiga tarumbeta, mchukuzi wa gatini, mtu wa kifua, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu wakabaki. Wawili walipiga magitaa, mmoja manyanga, mimi dramu, na wa sita alikuwa mpiga besi. Huyu alikuwa mchoma mikate, kijana mwembamba, mpole, asiyejua kugombana na mtu ila ukiigusa besi yake.

Na besi yenyewe ilikuwa kitu cha kutazamwa. Aliichonga seremala mmoja wa hapo hapo Wete, fundi hodari wa milango na vitanda, lakini besi alikuwa hajaiona maishani mwake. Aliletewa picha ya gazeti, mzungu kasimama kaikumbatia. Seremala aliitazama picha, akasema yule mzungu bila shaka ni pande la mtu, akapima kwa hesabu hiyo. Akaiunda kwa mbao za masanduku ya chai. Ilipokwisha ilikuwa ndefu kuliko mpigaji wake kwa mkono mzima, nayo haikuingia mlangoni kwake ila kwa ubavu. Lakini ilikuwa na sauti! Ilikuwa sauti nene ya chini, isiyosikika masikioni kwanza. Unaisikia tumboni, halafu unaona mguu wako umeshaanza.

Lazima niseme pia kwamba hizo zilikuwa zama za siasa. Aliyekuwapo hahitaji kuelezwa, na asiyekuwapo hatasadiki. Watu wa upande huu walikuwa hawanunui dukani kwa mtu wa upande ule. Hawakupanda gari moja, hawakuozana, na ubaya zaidi, hawakuzikana. Mtu akifa jirani yake anauliza kwanza alikuwa wa wapi, ndipo ajue kama atavaa kanzu au atajifanya ana homa. Sisi wa jazi tulikuwa na pande zote mbili ndani ya watu sita, ndiyo maana kiongozi wetu alitupiga marufuku kuzungumza mazoezini. Mkizungumza, alisema, tarumbeta nitampigia nani?

Basi mkulima mmoja wa Wingwi alikuja mjini akatusikia, jazi ikamkaa rohoni. Alikuwa anamwoza mwanawe, akatuomba twende tukapige kwao, kwenye banda la klabu ya mpira. Wingwi hawajawahi kupata jazi, alisema, wanaisikia tu kwenye santuri ya muuza duka, nayo sindano imechakaa. Masharti ya kijiji yalikuwa mawili: tuanze baada ya alasiri tumalize kabla ya magharibi, na upande wa wanawake utenganishwe na tanga la mashua. Tukakubali yote.

Siku ya harusi tulipanda gari ya abiria, besi ikafungwa juu pamoja na mikungu ya ndizi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na tulipofika njia panda ya kuingilia Wingwi, dereva aliteremka, akachomeka kijiti kwenye matope, kijiti kikazama. Akasema, "Mimi na nyinyi mwisho hapa." Akatushushia vitu vyetu akageuza.

Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Mpiga besi akashikwa na wasiwasi, maana gundi ya seremala haikupenda maji. Akatoa shuka yake nyeupe aliyokuja nayo ya kulalia, akaivisha besi kuanzia kichwani hadi chini, akafunga kwa kamba huku na huku. Hata hivyo shuka ilianza kulowa. Kiongozi akaniambia nitoe pazia. Hili lilikuwa pazia letu la kutundika nyuma tukipiga, la kijani, lenye mashada ya rangi ya dhahabu pembeni. Nililishona mwenyewe na nikijivunia nalo. Tukalitandaza juu ya ile shuka. Kuibeba watu wawili kwenye utelezi haikuwezekana, basi tukaingia wanne, mabegani, wawili mbele wawili nyuma, na wenzetu wakafuata na dramu na magitaa ndani ya magunia.

Tukaenda polepole, kimya, kila mtu akitazama anapokanyaga. Mpiga besi alikuwa mbele kulia, naye alikuwa na mafua makali ya siku kadhaa. Kila hatua chache anavuta kamasi, anafuta macho kwa kofia.

Kando ya njia palikuwa na mtu analima muhogo. Akainua kichwa, akatuona. Akatupa jembe, akanawa miguu kwenye dimbwi, akavaa kofia yake, akaja mbio mbio. Hakusema na sisi neno. Alinigusa begani kama mtu anayesema pumzika, akaingiza bega lake mahali pa langu, akaanza kwa sauti ya chini, "La ilaha illa llahu. La ilaha illa llahu."

Nilibaki nyuma nimesimama, bega limepata raha na akili imepata shida. Nikamkimbilia kiongozi. "Huyu anadhani tumebeba jeneza."

"Naona," akasema.

"Tumwambie."

"Mwambie wewe."

Nikasogea karibu na yule mkulima wa muhogo. Alikuwa amefumba macho nusu, anamtaja Mola wake kwa moyo wote. Nani atamkatiza mtu kwenye kalima amwambie alichobeba ni gitaa kubwa? Nikarudi nyuma. Kiongozi akasema, "Mwache, atachoka atarudi kwake."

Hakuchoka. Na alikuwa na sauti iendayo mbali. Kwenye migomba wakatoka wengine wawili, kwenye mteremko akatoka baba na wanawe, kwenye duka wakatoka wote waliokuwa wakinywa kahawa, na muuza kahawa akafuata na dele lake la kahawa. Desturi ya kwetu jeneza halipiti ukakaa. Umjue, usimjue, unalishika hatua kadhaa upate thawabu. Haukupita muda sisi wenye besi tulikuwa nyuma kabisa ya maziko yetu wenyewe. Mpiga besi peke yake alikataa kuachia. Walipomwona anang'ang'ania, macho mekundu na kamasi zinamtoka, wakamwonea huruma sana. Mzee mmoja akamshika mgongoni, "Subira, mwanangu. Sote njia yetu moja."

"Taratibu tu," mpiga besi akasema kwa sauti ya mafua, "asije akagonga mahali."

"Hatagonga popote. Alikuwa nani kwako?"

Akafikiri. "Ni wangu," akasema, akapiga chafya.

Huko nyuma watu walianza kunong'ona. Waliitazama ile miinuko na mabonde chini ya pazia, kule shingo nyembamba, huku tumbo pana. "Maskini, kakonda miguu yote," alisema mmoja. "Na tumbo lile? Hiyo ni safura." Mwingine akasema siyo safura, ni bandama, yeye shangazi yake alikuwa hivyo hivyo. Muuza kahawa akasema uzito huu hajapata kuuona, na mwenzake akamjibu kwamba uzito wa maiti ni madeni ya saumu.

Ndipo nikasikia swali nililokuwa nikiliogopa. Mtu aliyekuja pembeni yangu, mzee mwenye ndevu za hina, aliniuliza sikioni, "Yakhe, maiti wa kwetu au wa kwao?"

Sikujua yeye ni wa wapi. Nikamwambia la kwanza lililonijia: "Ni wa sote, mzee."

Akatikisa kichwa kuridhika. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kila mtu alielewa anavyotaka. Wa upande huu walidhani "sote" ni wao, wa upande ule vile vile. Na jeneza lilikuwa limeshakusanya pande mbili bila ya wenyewe kutambua, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Mzee wa hina aliingia kubeba upande wa kushoto. Kulia kwake aliingia mzee mwingine, mfupi, mwenye kilemba. Walipogeuza nyuso wakaonana. Niliambiwa hawa walikuwa majirani, uwa kwa uwa, na tangu siasa zimeingia hawajasalimiana. Hata kuku wa mmoja akivuka kwa mwenziwe hadaiwi. Walitazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja. Lakini jeneza liko mabegani, atakayeliachia ataliangusha. Wakatazama mbele, wakaendelea, kalima ikazidi sauti.

Tulipofika kijijini adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Msafara haukuuliza njia, ulikata moja kwa moja msikitini. Besi ikawekwa mbele ya msikiti, kwenye sakafu ya nje chini ya upenu, na watu wakenda kutia udhu. Kiongozi akatukusanya nyuma ya birika la udhu. "Sikilizeni. Tunasali. Tukitoa salamu tu, wanne tunaruka, tunachukua kitu chetu, tunakwenda kwenye banda letu. Msikimbie. Mtembee upesi."

Sijui alasiri ile niliisali vipi, Mungu ataniangalia. Tukatoa salamu. Kabla hatujainua magoti, sauti ikatoka mbele: wasiondoke watu, kuna jeneza. Safu zote zikasimama zikatoka nje, nasi tukabanwa katikati kama nyuzi kwenye kitambaa.

Shehe wa pale alikuwa mtu mzima sana, mwembamba, mwenye bakora, na masikio yake yalikuwa yameanza kumstaafu. Alikuja mbele ya besi akasimama. Sasa, imamu akimsalia mwanamume husimama usawa wa kichwa, na akimsalia mwanamke husimama usawa wa kiuno. Shehe akageuka kwetu akauliza ilivyo haki yake kuuliza: "Maiti mwanamume au mwanamke?"

Watu wakatazamana. Kila mtu alikuwa na hakika mwenziwe anajua. Macho yote yakamwendea mpiga besi, mfiwa.

Mpiga besi akasonga mbele, akivuta kamasi. Akasema, "Shehe, hii ni besi."

"Bi nani?"

"Besi, shehe."

"Ah. Mwanamke," akasema shehe, akasogea usawa wa kiuno.

Shehe akataka kuinua mikono miwili kutoa takbiri, na bakora ikamzuia. Akaiegemeza pale mbele yake, juu ya pazia. Bakora ikateleza, ikashuka juu ya nyuzi zote nne, na kutoka chini ya ile shuka ikatoka sauti nene, ya taratibu, kama ya mtu mkubwa anayekataa jambo: "Mmmmh-mmh."

Watu wanasema wazee hawana mbio. Mimi niliwaona. Safu ya kwanza iliruka birika. Safu ya pili ilipita kwenye muhogo wa msikiti ikaacha miche chini. Muuza kahawa alikimbia na dele lake kichwani, na viatu vikabaki uwanjani vimetazama kibla peke yavyo. Ukitutoa sisi, waliobaki walikuwa shehe, kwa sababu hakusikia, na mzee wa hina na mzee wa kilemba, kwa sababu walikuwa wamekumbatiana.

Shehe akageuka, akaona uwanja mtupu. "Wamekwenda wapi?"

Kiongozi wetu akainama sikioni mwake akamweleza yote, kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakijipangusa. Walipofahamu, wakaghadhibika. Mwanamume mmoja mkubwa akasema kifaa kivunjwe pale pale, tumewachezea dini yao. Mpiga besi akajilaza juu ya besi yake, mikono na miguu.

"Nani aliyekwambieni ni maiti?" shehe akauliza.

Wakaelekezeana vidole. Huyu alimwona yule, yule aliwaona wa dukani, wa dukani walimsikia mkulima wa muhogo. Mkulima wa watu, ambaye mpaka hapo alikuwa hajafungua mdomo ila kwa kalima, akasema, "Mimi niliona kijani." Kila mtu akanitazama mimi na pazia langu, ijapokuwa sikumbuki kusema kwamba nimelishona.

Shehe alikuwa bado anawaza jambo lake. "Basi mimi nusura nikasalie..." Mabega yakaanza kumtikisika. Mwanzo tulidhani analia, ikawa sivyo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu karibu na besi, na mkubwa wao akishacheka wengine watafanyaje.

Sasa hapo ndipo wakatokea wachimba kaburi. Wawili, wametapakaa udongo mpaka nyusi. Wamesikia kuna jeneza, wakachimba bila kuuliza, ndiyo kazi yao. "Tayari," wakasema. "Mleteni." Walipoelezwa hawakucheka hata kidogo. Walisema kaburi likichimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu, litaita mtu. Lazima liingie kitu. Wakaitazama besi, wakaipima kwa macho, na mmoja akasema kwa bahati urefu ni huo huo. Mpiga besi akapiga ukelele. Mwishowe ulikatwa mgomba mzima, wa kutosha, wakaenda kuuzika wenyewe, wakinung'unika kwamba siku hizi hata maiti si maiti.

Mwenye harusi alitukuta njiani anahema. Kwake habari ilikuwa imefika kwa namna nyingine: mtu wa jazi kafa njiani. Wapishi walikuwa wamekwisha kuteremsha sufuria za pilau, bibi harusi kavuliwa dhahabu, na wanawake wa mtaa wameshaanza kuingia wakiwa wamejifunika kanga, wanamliza mama wa bwana harusi ambaye hajui anamlilia nani. Alitushika mikono mmoja mmoja. Alipoona tuko wote sita wazima, hakufurahi kama nilivyotaraji. "Kwa hivyo hakuna aliyekufa?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeharibiwa pilau bure.

Lakini sufuria zilirudishwa motoni, na sisi tukaenda kwenye banda. Nasema kweli, sijawahi kupiga mbele ya watu wengi vile. Wote waliokuja kuzika walikuja kusikiliza. Wameshaacha majembe, wameshavaa kofia, na walitaka kuona kile kilichowatia mbio. Tukaivua besi shuka yake. Mpiga besi akaikaza nyuzi, akaigonga taratibu, na ile sauti ya chini ikatembea juu ya ardhi ya banda. Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja, halafu wakacheka, halafu wakasogea tena. Tarumbeta ikaingia kwa kupenya kama jua la asubuhi dirishani, magitaa yakaanza kujibizana, manyanga yakanishika mkono nikayafuata. Nyuma ya tanga la mashua wanawake, waliokwisha lia vya kutosha, walipiga vigelegele mpaka tanga likatikisika, na chini yake niliona nyayo zilizotiwa hina zinakwenda na mapigo yangu sawasawa. Mpiga dramu hana raha nyingine duniani kushinda hiyo.

Vijana walicheza, na wasiokuwa vijana walijidai wanakung'uta matope miguuni, wakakung'uta nyimbo tatu mfululizo. Pande mbili za siasa ziliingia zikakaa moja kulia moja kushoto, lakini banda lilikuwa dogo na mvua ilivuja katikati ya kulia, basi wa kulia wakasogea, wakasogea, mpaka ikawa hujui tena nani ni nani. Shehe hakuingia. Alipita nje. Alipita mara nyingi sana kwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa upande mwingine. Kiongozi alipomwona akamwashiria mpiga besi azidishe nguvu, na shehe akasimama, akaweka kiganja kwenye nguzo ya banda, akabaki hivyo. Nadhani aliisikia kwa mkono.

Tulimaliza kabla ya magharibi kama tulivyoahidi. Siwezi kudai kwamba Wingwi ilipatana siku ile. Wiki iliyofuata nilisikia kila mtu amerudi kwenye duka la upande wake, na siasa ilikuwa na mabaya yake makubwa bado mbele. Ila nilipokuwa nafungasha dramu zangu niliwaona mzee wa hina na mzee wa kilemba wanatoka mlango mmoja, wanazozana. Nikatega sikio, nikidhani ni yale yale.

"Yule wa tarumbeta anakimbiza," alisema wa hina. "Wimbo wa mwisho kaukimbiza mno."

"Anakimbiza nini? Wewe ndiye mzito. Wimbo ule ndivyo uendavyo."

"Umeujulia wapi wewe?"

"Kwenye santuri, dukani."

"Duka gani?"

Mzee wa kilemba akakiweka sawa kilemba chake, maana lilikuwa duka la upande wa mwenziwe. "Napita tu njiani," akasema. Wakaenda hivyo hivyo, mmoja akipiga mapigo kwa ulimi kuonyesha haraka ilivyokuwa, mwenziwe akimrekebisha, mpaka wakapotea nyuma ya nyumba zao.